Nyanya zangu zimeungua kwa baridi usiku mmoja: nifanye nini na miche iliyobaki?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina bustani ya kinyungu, yaani ya bondeni penye maji, nje kidogo ya mji wa Njombe. Mwanzoni mwa Juni nilipandikiza miche 200 ya nyanya ili niwahi soko kabla ya mvua. Wiki iliyopita niliamka nikakuta bustani nzima ni nyeupe, na ilipofika mchana majani yote yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Jirani yangu ana nyanya za mbegu ileile nyumbani kwake, juu ya mteremko, na hazikuguswa. Kitaluni nimebakiwa na miche 150. Wengine wananiambia nichome majani usiku ili moshi utande, wengine nitandaze nyasi, wengine nifunike kwa nailoni. Lipi ni kweli? Na ile iliyoungua niing'oe?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana. Miche 200 si kitu kidogo. Ni mbegu ya kununua, ni samadi, ni wiki nyingi za kubeba maji, na vyote vimekwenda kwa usiku mmoja.

Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, maana ndimo jibu lilimo: nyanya za jirani hazikuguswa. Mbegu ni ileile, usiku ni uleule, na pengine hata samadi mlichukua zizi moja. Kilichowatofautisha ni mahali. Wewe umepanda bondeni, na bondeni ndiko baridi ya usiku inakokwenda kulala.

Inakwenda hivi. Mchana kutwa udongo unapokea joto la jua na kulihifadhi. Likishazama jua, udongo huanza kulirudisha joto hilo juu. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini, na ndiyo sababu usiku wa mawingu hauna baridi ya kuua. Lakini kati ya Juni na Agosti huku Nyanda za Juu Kusini kuna siku ukungu na mawingu hufunguka, upepo ukatulia, hewa ikawa kavu. Usiku wa namna hiyo joto la ardhi hukimbilia angani bila kizuizi. Udongo na majani hupoa kuliko hewa iliyo juu yake, kisha hewa inayogusa ardhi nayo ikapoa. Hewa baridi ni nzito. Haikai mlimani, huteremka polepole ikifuata mteremko kama maji yanavyofanya, hupita katikati ya nyumba na mashamba, na ikifika bondeni hutuama. Ukitembea usiku kutoka nyumbani kwa jirani yako kwenda kinyunguni utaisikia miguuni kabla hujaisikia usoni. Kwa mwendo huo wa dakika chache si ajabu kukuta tofauti ya nyuzi 3 au 4, na kwa nyanya hizo ndizo nyuzi za uhai.

Ule weupe uliouona ni jalidi. Wengine wanasema sakitu, na mitaani tunasema tu barafu. Weupe wenyewe sio muuaji. Kinachoua ni maji yaliyo ndani ya jani yakiganda, kwa sababu barafu huvunja na kukausha chembe hai za mmea. Ndiyo maana jani likishayeyuka asubuhi huwa limelegea, limeloa na kuwa jeusi. Kwa nyanya hilo hutokea jani likifika kati ya nyuzi 1 na 2 chini ya sifuri. Kuna pia usiku mbaya zaidi usioleta weupe wowote. Hewa ikiwa kavu sana umande hautui, kwa hiyo hakuna cha kuganda juu ya jani, lakini jani lenyewe linaganda. Watu huamka, hawaoni barafu, kisha mchana wanashangaa shamba limeungua na kusingizia dawa waliyopuliza juzi.

Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa mbegu hawalisemi vya kutosha: hakuna mbegu ya nyanya dukani inayostahimili kuganda. Iwe Tanya, iwe Tengeru 97, iwe chotara ya bei ghali, zote asili yao ni mmea wa Amerika ya Kusini uliozoea joto. Kabichi ukiizoesha baridi pole pole hujifunza, na inaweza kupigwa na jalidi asubuhi ikainuka mchana. Nyanya haijifunzi. Kuizoesha miche baridi kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, kwa kupunguza maji kidogo na kuiacha nje mchana, kunaifanya isidumae ikikutana na nyuzi 8 au 10. Ni vizuri ufanye hivyo. Lakini chini ya sifuri zoezi hilo halikusaidii kitu. Viazi mviringo navyo huungua majani karibu kwenye baridi hiyohiyo, ila kiazi kiko chini ya udongo na kitachipua tena. Nyanya haina akiba chini.

Sasa tuje kwenye miche yako 150. Kabla ya kufunika chochote, nakuomba usiirudishe kinyunguni kabla ya mwisho wa Agosti. Najua huko ndiko kwenye maji. Kwa miezi hii mitatu bonde lipe kabichi, figiri, karoti au vitunguu, mazao yanayovumilia, na nyanya zitafutie sehemu ya mteremko, hata kama utabeba maji kwa ndoo. Kama huna eneo mteremkoni, tumia ukuta wa nyumba. Ukuta wa matofali unaopigwa na jua mchana hutoa joto usiku, na vipenu vya bati hufunika sehemu ya anga, kwa hiyo mche ulio chini yake haupotezi joto kama ulio wazi. Ila angalia upande. Maandishi mengi ya bustani yametoka Ulaya na Marekani, nayo yanashauri ukuta unaotazama kusini. Kwetu huku, kusini mwa ikweta, jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kukusaidia ni ule unaotazama kaskazini. Upande wa kusini wa nyumba utakuwa kivulini kutwa, na utakuwa umeipeleka miche kwenye friji.

Na kama ni lazima kinyunguni, basi angalia mwisho wa chini wa bustani. Mara nyingi huko kuna ukuta wa matete, au majani ya tembo ya ng'ombe yaliyoachwa yakasongamana. Ukuta huo ni bwawa la baridi: hewa iliyoteremka inagonga hapo, inajaa na kurudi nyuma hadi juu ya nyanya zako. Fungua njia pana ya kutosha, ili baridi iendelee na safari yake chini. Kinyume chake, ua mnene upande wa juu wa bustani ni mzuri, kwa sababu huigeuza hewa inayoshuka ipite pembeni. Nimeona bustani iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapona kwa kufyeka matete ya upande wa chini tu, bila kuongeza hata kipande cha nguo.

Sasa kufunika. Hapa ndipo watu wengi hufanya kazi kubwa wasione faida, kwa sababu wanadhani kifuniko kinauletea mche joto, kama blanketi la mtu aliyelala. Mtu ana joto lake mwilini; mche hauna. Joto lote la usiku linatoka kwenye udongo. Kazi ya kifuniko ni kulikamata joto la udongo lisitoroke, kwa hiyo kifuniko lazima kishuke mpaka chini na kushika ardhi pande zote. Ukichukua kitambaa ukafunga kwenye shina kama mwavuli au kama kilemba, umeutenga mche na ardhi inayoupa joto. Mche wa namna hiyo unaweza kuungua kuliko usiofunikwa.

Njombe hatuna shida ya mianzi. Pasua mianzi iwe fito nyembamba, kunja kila ufito uwe kama upinde juu ya tuta, uchomeke ncha zote mbili ardhini, acha hatua moja kati ya upinde na upinde. Upinde uwe juu ya mche kwa kiganja kizima angalau, kwa sababu jani linalogusa kifuniko huganda pale linapogusa. Juu ya matao hayo tandika ulichonacho: magunia ya katani yaliyopasuliwa, sandarusi zilizoshonwa pamoja, shuka kuukuu, blanketi lisilotumika, au kile kitambaa chepesi cheupe cha bustani kama utakipata kwa wauza pembejeo. Kitambaa chepesi peke yake kinakupa nyuzi 2 hivi za nafuu. Blanketi au magunia mawili yaliyopishana yanakupa zaidi. Bana pembeni kwa mawe au udongo pasibaki mwanya.

Nailoni ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu mchana ndani yake kuna joto kali. Nailoni nyembamba iliyo kavu inapitisha joto la ardhi kwenda angani karibu kama vile haipo. Inaanza kusaidia pale matone ya maji yanapotanda upande wa ndani, maana maji hayo ndiyo yanayozuia joto. Kwa hiyo usiitegemee peke yake. Ukiwa na nailoni, itandike kwanza juu ya matao, kisha juu yake weka magunia au shuka. Ile hewa inayobaki kati ya tabaka mbili ina faida kubwa. Na kwa sababu hiyohiyo, mtu mwenye kitalu nyumba cha nailoni asilale usingizi wa kujiamini. Bila kitu cha kupasha joto ndani, usiku wa anga wazi kinaweza kushuka karibu sawa na nje.

Saa za kufunika ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ukifunika saa mbili usiku umefunika udongo uliokwisha kupoa. Funika saa kumi na moja jioni, wakati ardhi bado ina joto la mchana. Asubuhi usiwe na haraka: baridi kali kuliko zote huja alfajiri na hudumu mpaka jua limeshachomoza kidogo. Subiri hadi saa mbili au saa tatu, jua likiwa limefika kwenye tuta lenyewe, ndipo ufunue. Lakini funua kweli, kila siku. Miche iliyoachwa chini ya nailoni hadi saa sita mchana hupikwa, na iliyoachwa chini ya magunia siku tatu hurefuka, hupauka rangi, na unyevu unaobaki humo ndani hukaribisha bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani.

Kwa miche midogo bado kuna njia rahisi zaidi. Chupa za maji za lita moja na nusu zimejaa kila mahali. Kata kitako, ivike juu ya mche, didimiza chupa kidogo udongoni, na usiku rudishia kizibo. Asubuhi toa kizibo. Si kinga ya baridi kali, ila kwa usiku wa nyuzi 1 au sifuri inatosha, hasa ukirushia gunia juu ya chupa.

Na chupa zilizobaki usizitupe. Zijaze maji, zilaze pande zote mbili za mche chini ya kifuniko, ziguse ardhi, mahali zitakapopigwa na jua mchana. Dumu la lita 20, hasa jeusi, ni bora zaidi. Moja kila baada ya miche minne. Maji hushika joto kuliko karibu kila kitu ulicho nacho nyumbani, na hulitoa pole pole usiku. Lakini kubwa zaidi ni hili: maji yanapoanza kuganda hutoa joto. Wengi hawaamini, nami sikuamini siku ya kwanza niliposomeshwa. Lita moja ya maji ikiganda yote hutoa joto linalotosha kuipasha lita hiyohiyo kutoka nyuzi 0 hadi 80. Kwa hiyo ukiamka ukakuta chupa zako zimeshika barafu na mche uko salama, usisikitike kwamba chupa zilishindwa. Zimefanya kazi yake.

Ukiyaelewa maji hivyo, utaelewa pia umwagiliaji. Udongo mkavu na uliotifuliwa umejaa hewa, na hewa haihifadhi joto. Udongo uliolowa na kushikamana hupokea joto nyingi mchana na kulipandisha usiku. Ukiona usiku wa hatari unakuja, mwagilia asubuhi, kabla ya saa tano, maji yazame kama urefu wa kiganja na nusu, ili jua la mchana lipate muda wa kuyapasha. Usipalilie wiki hiyo. Usimwagilie jioni kwa kunyunyizia majani, kwa sababu maji yanapokauka juu ya jani hulipoza zaidi. Kwa kinyungu kuna jambo jingine zuri: kama una mtaro wa maji ya chemchemi kati ya matuta, yaruhusu yapite usiku huo. Maji ya chemchemi yakitoka ardhini huwa na joto kuliko hewa ya alfajiri, na yakipita kwenye mitaro huachia joto hilo hapohapo miguuni mwa nyanya. Asubuhi yafunge, mizizi isije ikaoza.

Kuhusu nyasi. Aliyekuambia utandaze nyasi ana nia njema, na kwa miezi ya jua kali ningemuunga mkono. Kwa usiku wa jalidi, matandazo ni hatari. Nyasi kavu zilizolala juu ya udongo huzuia joto la udongo lisipande, na mche uliosimama juu ya nyasi hizo hubaki peke yake na anga. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwashauri kikundi cha akina mama watandaze nyasi mwezi Juni ili kuokoa maji. Jalidi ilipokuja, mistari yenye nyasi iliungua yote, na mistari ambayo nyasi hazikutosha ilipona nusu. Tangu siku hiyo nawaambia watu: toeni nyasi pembeni mwa mche mwishoni mwa Mei, muachie udongo jua, mrudishe Septemba. Isipokuwa mche ni mdogo kiasi kwamba unaweza kuuzika wote ndani ya nyasi usiku na kuufukua asubuhi. Hiyo ni kazi, lakini inafaa.

Kuhusu moshi. Hii ni imani ya zamani, ipo karibu kila nchi yenye baridi, na inaonekana ina mantiki kwa sababu moshi unafanana na wingu. Haufanyi kazi ya wingu. Chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia joto la ardhi linalopanda. Kama kuna nafuu yoyote, inatokana na moto wenyewe, na hata huo unafaa tu ukiwa mioto mingi midogo midogo iliyosambaa. Moto mmoja mkubwa hurusha hewa ya moto juu sana, na pembeni huivuta hewa baridi ije kwenye shamba. Halafu asubuhi moshi uliotanda bondeni huchelewesha jua kufika. Juu ya yote hayo, Julai nyasi ni kavu na tumezungukwa na miti ya misindano na miwati. Cheche moja ikivuka mpaka, hasara haitakuwa ya nyanya tena. Usichome.

Hukuuliza, lakini najua utaambiwa, kuhusu kupuliza mrututu au viuatilifu vingine vya kopa, yaani dawa zenye madini ya shaba. Chanzo cha ushauri huo ni cha kweli. Maji safi juu ya jani yanaweza kupoa nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kuganda, mpaka yapate kitu cha kuanzishia barafu, na miongoni mwa vianzishi hivyo ni bakteria aitwaye Pseudomonas syringae anayeishi juu ya majani. Kopa huua bakteria. Lakini ni lazima iwe imefanya kazi siku nyingi kabla, na hata bakteria aliyekufa anaweza kuendelea kuanzisha barafu. Kwa bustani ya miche 150 hela hiyo nunulia magunia. Urea nayo ipunguze Juni na Julai. Inaleta majani laini yaliyojaa maji, na hayo ndiyo ya kwanza kuungua.

Utajuaje usiku wa hatari? Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini ujue namba unayoisikia imepimwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, zaidi ya mita moja juu ya ardhi, tena kwenye kituo, sio bondeni kwako. Usiku mtulivu, hewa ya chini kwenye majani inaweza kuwa na baridi kuliko hiyo kwa nyuzi 2 hadi 4. Utabiri ukisema nyuzi 4, wewe jiandae kwa sifuri. Nunua kipimajoto kidogo, kining'inize kwenye kijiti usawa wa mche, wazi bila kifuniko, na ukisome alfajiri kwa wiki mbili. Utaijua bustani yako kuliko mtaalamu yeyote. Na jioni tazama vitu vitatu: upepo umekufa, nyota zinaonekana zote, na moshi wa jikoni unapanda kidogo kisha unalala na kusambaa kama shuka. Hiyo ya moshi ni dalili kwamba hewa ya joto iko juu na ya baridi imeshaanza kukaa chini. Ukiziona zote, funika hata kama mchana ulikuwa na joto. Mara nyingi mchana wa usiku wa jalidi huwa mzuri sana.

Wenzetu wa Kenya, kule Kinangop na Limuru, jalidi huwapata zaidi Januari na Februari, na Januari 2012 iliunguza chai nyingi kule Kericho na Nandi. Miezi ni tofauti na yetu, ila sababu ni ileile ya anga kavu na wazi. Nalitaja kwa sababu watu huandikiana ushauri kwenye simu kutoka nchi moja kwenda nyingine, na kalenda ya Kinangop haiwezi kukuongoza Njombe.

Tuje kwenye ile iliyoungua. Usiing'oe bado, na usiikate leo. Majani meusi yaliyobaki juu yanafunika kidogo sehemu za chini kama baridi itarudi, na huwa inarudi, maana hali ya anga wazi hudumu siku kadhaa mfululizo. Funika hata hiyo. Baada ya siku 5 hadi 7, kwaruza shina kwa ukucha kuanzia juu kushuka chini. Penye kahawia na ulaini pamekufa. Penye kijani na unyevu pako hai. Kata juu kidogo ya sehemu hai, siku kavu, kwa kisu safi. Kwenye kwapa la kila jani lililopona kutachipua machipukizi. Acha moja lenye nguvu au mawili, mengine toa. Kama shina limekufa mpaka usawa wa udongo, ng'oa bila huruma. Na hakikisha ni baridi kweli, sio ugonjwa: jalidi hupiga usiku mmoja, huanzia majani ya juu yaliyo wazi na kuacha yale yaliyojificha chini, na miche yote bondeni hufanana. Bakajani huanza kwa mabaka, huenea siku kwa siku, na huchagua.

Ila nikuambie ukweli kuhusu hata hiyo itakayopona. Nyanya iliyochipua upya itachelewa wiki 3 au 4, na usiku ukiwa chini ya nyuzi 13 maua hayashiki vizuri, yanapukutika hata kama hakuna jalidi. Maana yake, hata kama ungefanikiwa kuvusha miche ile 200 bila kuungua, maua ya Julai yasingekupa matunda ya maana. Kwa Njombe, kuwahi soko hakutokani na kupandikiza Juni. Kunatokana na kuwa na mche mkubwa, mnene, uliolelewa kwenye kopo karibu na nyumba, ulio tayari kuingia ardhini pale baridi inapolegea.

Kwa hiyo miche yako 150 usiiharakishe. Ihamishie kwenye makopo au mifuko mikubwa, yenye udongo na samadi iliyooza vizuri, uiweke ukuta wa kaskazini, uifunike kila usiku wa nyota. Ikirefuka, usiogope: siku ya kupandikiza utaondoa majani ya chini na kulizika shina kwa kina, litatoa mizizi urefu wote uliozikwa. Anza kuipeleka ardhini wiki ya mwisho ya Agosti, mteremkoni kwanza, kinyunguni Septemba, na matao ya mianzi yabaki pale pale mpaka katikati ya Septemba. Hesabu hiyo inakupa matunda ya kwanza karibu Novemba, mvua zikiwa ndiyo zinaanza na bakajani bado haijashika shamba.

Ukishaweka kipimajoto, niandikie namba za alfajiri za wiki mbili, za kinyunguni na za ukutani kwako. Nikiziona nitakuambia ni miche mingapi uipeleke bondeni na mingapi ibaki juu.